Habari za Kaa Tu

Tarehe 6 Januari

Kwako binti yangu,

Salamu zako zimefika, nami nazirudisha kama zilivyokuja. Umeuliza afya yangu. Afya yangu ni ya chuma. Mgongo umenyooka, meno yapo karibu yote, na juzi pale sokoni nimeinua gunia la kaa ambalo vijana wawili walikuwa wanalizunguka kama wanaogopa litawauma. Wewe je, bado unakohoa? Kama hukohoi, vizuri; kama unakohoa, shauri yako; baridi ya maofisini uliifuata mwenyewe kwa miguu yako.

Kitu kimoja tu kimenigomea, macho. Ukungu umeingia. Kuandika naandika, maana mkono unajua njia, na hapa naandika herufi kubwa kama mayai ya bata ili nisipotee. Kusoma ndiyo siwezi tena. Barua yako ilipofika nikaenda kwa fundi viatu anisomee. Fundi viatu, mimi! Mtu anayesoma kwa kidole kama anatafuta chawa. Akafika pale ulipoandika "mwambie mwanangu mimi mama yake", nikamnyang'anya, nikaichana palepale juu ya misumari yake.

Sasa sikiliza vizuri. Mtoto huyo hana mama. Mama yake alikufa. Nimemwambia mimi, na mtaa mzima unajua hivyo, na asiyejua hathubutu kuniuliza. Ulimwacha kwangu hata kusema hajajua, ukasema mwaka mmoja tu baba, nakwenda kusomea kaa. Kaa! Mtoto wa mtu aliyejenga nyumba kwa kaa anakwenda kufundishwa kaa na watu wanaovaa glavu. Mwaka ukawa mitatu. Ukarudi na miwani usoni, ukagonga mlango. Mimi nilikuwa ndani na mtoto alikuwa ndani. Akaniuliza babu nani huyo, nikamwambia muuza sabuni. Ukagonga kidogo, ukaondoka. Vizuri sana. Sabuni tulikuwa nayo.

Lakini mimi si mtu mbaya. Mtoto sasa yuko shule, anasoma kama redio, hapumziki hata penye nukta. Nimekaa nikafikiri, nikaona barua zako zinaweza kuja na yeye akanisomea. Kwa sharti. Utaandika habari za kaa tu. Wewe ni mtaalamu wa kile kituo chenu cha viumbe wa baharini, umesikia sifa zangu, unataka kujua ninayoyajua. Utaniita Bingwa. Hutaandika mama, hutaandika mwanangu, hutaandika nakukumbuka. Neno moja tu likipotea njia, barua inaingia jikoni, na hutasikia tena kama mtoto yu hai au ana homa.

Barua hizi za mkono wangu nazifunga mwenyewe na posta nazipeleka mwenyewe, kwa hiyo humu nasema ninavyotaka. Na usidhani nakuomba. Pale sokoni wanasema nimezeeka. Wakisikia mtaalamu ananiandikia barua watafunga midomo.

Mimi,
Baba yako


Tarehe 2 Februari

Kwa Bingwa,

Naomba barua hii ikukute mzima, wewe na huyo anayekusomea. Kama anayekusomea ana mafua, anywe kwanza kitu cha moto, barua itamngoja. Mimi ni mzima. Kikohozi kilikuwepo, kimeondoka.

Sifa zako zimefika mpaka hapa ninapofanya kazi. Ni chumba kirefu chenye matangi ya vioo pande zote mbili, pampu zinanguruma kutwa, na sakafu haikauki. Ndani ya matangi hayo kuna aina moja tu ya kaa ninayoifuatilia, kaa madoa. Wavuvi humdharau kwa sababu haliwi. Akikua kabisa hafiki upana wa kifuniko cha soda. Rangi yake ni ya mchanga uliolowa, na mgongoni ana madoa meusimeusi kama mtu aliyerushiwa wino. Ninaowaona mimi, kila mmoja ana madoa yaliyopangwa kwa namna yake. Naweza kuwa na kaa arobaini kwenye tangi na nikawajua mmoja mmoja kwa mgongo, kama mtu anavyowajua wa nyumbani kwake wakiwa wamempa kisogo.

Naomba msaada wako, Bingwa. Maji yakipwa, kwenye nyufa za miamba, mtafute mmoja. Mwekeni kwenye karai, maji ya bahari, jiwe la kujifichia, maji yabadilisheni kila siku. Mpindueni taratibu mtazame tumbo. Ana kifuniko kimekunjwa chini. Kikiwa chembamba na chenye ncha, ni dume. Kikiwa kipana na cha mviringo, ni jike, na huko ndiko hubeba mayai yake, kwa maelfu, akiyapepea kwa maji yasikose hewa.

Anayekusomea akiwa anajua kuchora, naomba anichoree madoa yake. Mchoro wowote. Hata mistari tu.

Ni mimi,
Mwanafunzi wako


Tarehe 25 Februari

Binti yangu,

Mimi mzima, mtoto mzima, karai zima. Nimecheka mpaka nikakaa chini. Umeandika vizuri. Kumbe ukishikwa shingo unajua adabu.

Mtoto alisoma barua yote kwa sauti kizingitini, nikahakikisha yule muuza mkaa wa jirani anasikia. Palipoandikwa "sifa zako zimefika mpaka hapa" nikamwambia rudia, sikusikia. Nilisikia sana. Akarudia. Kesho yake nilikwenda nayo sokoni mfukoni nikampa yule mpima samaki asome mbele ya wote. Hakuna aliyekohoa.

Mtoto akaniuliza, babu, huyu mtaalamu ni mwanamke au mwanamume? Nikamwambia mwanamume, ana kipara na kitambi, na mkewe humpiga. Amecheka siku nzima. Kila akifika kwenye karai anasema, mzee kipara atafurahi na huyu.

Kaa amemtafuta mwenyewe. Amekwenda miambani na kopo la rangi, amerudi magoti yamechubuka, kaa yumo. Jike. Kifuniko kipana kama ulivyosema, ingawa hilo nililijua kabla hujazaliwa. Ana madoa matatu mstarini na moja limejitenga pembeni. Amekuchorea, mchoro upo humu ndani, usiulowanishe kwa machozi maana karatasi nilinunua mimi.

Halafu nikamfundisha kazi. Nikamwambia kaa hashikwi kwa huruma. Nikamshika gando la kulia nikavuta, likabaki mkononi mwangu. Mtoto akafumba macho. Nikamwambia fumbua, tazama, ndivyo babu yako alivyoishi. Nimewang'oa magando wakubwa kwa magunia, nikauza, kaa mwenyewe nikamrudisha majini akaote jingine. Mtoto hakulia. Aliweka gando juu ya dirisha likauke. Huyu ni damu yangu, si yako.

Endelea kuandika hivyohivyo.

Baba yako


Tarehe 18 Machi

Kwa Bingwa,

Hujambo wewe, na hajambo mchoraji? Magoti yamepona? Apake mafuta, asitoe kigaga kwa kucha. Hapa pampu moja imeharibika na tumemwaga maji kwa ndoo kutwa, mikono inauma, mengine ni salama.

Mchoro ni mzuri sana. Nimeubandika juu ya tangi. Kila anayeingia humu huniuliza ni wa nani.

Kuhusu gando. Bingwa ana nguvu, sina shaka, lakini gando lile hakuling'oa yeye. Kaa huliachia mwenyewe. Pale shinani pana mahali ambapo mwili umekwisha jiandaa kukatika. Akishikwa na kuona hana njia, hukaza msuli mmoja, gando likaanguka, na palepale jeraha hujifunga. Anayemshika hubaki na gando, kaa huenda na uhai wake. Inamuuma? Hata sisi tunabishana. Ninachojua ni kwamba baada ya hapo hula kwa shida, huogopa wenzake, na hujificha ndani ya ufa muda mrefu.

Gando jipya huota atakapojivua gamba. Hapo nawaomba muwe makini. Siku moja mtaona kaa amelala karaini kimya, miguu yote ipo, macho yapo, akiguswa hajitikisi. Mtadhani amekufa. Msitupe kitu! Pengine hilo ni gamba tupu tu, ametoka kwa nyuma na kuliacha kama mtu anavyoacha koti. Yeye mwenyewe atakuwa chini ya jiwe, laini kama ulimi, anangoja gamba jipya likauke. Msimguse. Akishikwa wakati huo, anaumia vibaya.

Mwambie mchoraji atazame madoa. Naamini atayakuta yaleyale.

Mwanafunzi wako


Tarehe 22 Aprili

Kwa Mtaalamu,

Babu anasema niandike yeye aseme, kwa sababu mkono wake leo unatetemeka. Anasema nisiandike hilo la kutetemeka. Nimeshaandika.

Babu anasema: Sisi wazima wa afya, tunatumaini na wewe mzima, na mkeo amepunguza kukupiga. (Babu anacheka.)

Babu anasema: Mimi Bingwa nakujulisha kwamba kaa wako amekufa. Nilimkuta asubuhi amelala karaini hana habari. Nikamgusa kwa kijiti, hakuna kitu. Nimeshika kaa waliokufa wengi kuliko wewe ulivyoshika kalamu, kwa hiyo usiniletee habari za koti. Nikamtupa jalalani.

Sasa hapa ni mimi. Babu alitupa kweli, lakini mimi niliinua jiwe. Alikuwa chini yake. Mlaini, amepauka, amekuwa mkubwa kidogo. Nikamwita, babu njoo, hajafa. Babu akaja akainama mpaka pua ikagusa maji. Akasema huyo ni mwingine. Nikasema babu, mwingine ameingiaje kwenye karai? Akasema kaa wanapanda ukuta, wewe mtoto huwajui. Nikasema madoa ni yaleyale, matatu mstarini na moja pembeni, na gando la kulia linaota, dogo kama punje ya mchele. Akasema ukibisha na mimi leo hutakula. Sikula.

(Babu anauliza mbona naandika muda mrefu na yeye ameshanyamaza. Nimemwambia ninapamba herufi.)

Babu anasema: Waambie wenzako hapo kituoni kwamba Bingwa akisema amekufa, amekufa.

Mtaalamu, nina swali langu, babu hajui. Uliandika kwamba jike hubeba mayai chini ya tumbo. Yakianguliwa anakwenda wapi? Watoto wanabaki na nani? Yeye huwarudia? Akikutana nao mbele ya safari anawajua, hata kwa madoa? Nimemuuliza mwalimu, amesema hajui. Babu amesema mama wa kaa huachia watoto majini akaenda zake kula.

Na jambo jingine. Kama babu alikosea huyu kufa, wapo wengine alioniambia wamekufa.

Ni mimi ninayesoma,
Mjukuu wa Bingwa


Tarehe 15 Mei

Kwa Bingwa,

Ni matumaini yangu kwamba mkono umetulia na macho hayajazidi. Hapa tu wazima.

Pole kwa kubishana na kijana wako wa karai. Kuhusu yule kaa, nimefikiri na ninaona pande zote mbili zina la kusema. Mbadilishieni maji. Mpeni kipande kidogo cha samaki, kidogo kama ukucha, maana gando moja halishiki vizuri. Msimvute lile linaloota.

Kuanzia mstari huu usisome kwa sauti. Mwambie babu barua imekwisha.

Umeuliza, na mimi kazi yangu ni kujibu maswali ya kaa kwa ukweli. Jike wa kaa madoa husubiri maji yajae, hupanda ukingoni, hukung'uta tumbo, na watoto huondoka na mkondo. Wakati huo hawafanani na kaa hata kidogo, ni kama chembe zenye macho. Mama hawarudii, wala hawajui. Wakirudi pwani wakiwa kaa, anaweza kupishana nao kwenye ufa mmoja na asitambue kitu. Babu yako kwa hilo amesema kweli.

Lakini mimi si kaa. Mimi sina kipara. Mimi ni mama yako. Sikufa. Nilikuacha kwa babu ili nisome, nilisema mwaka mmoja. Niliporudi niligonga mlango wa nyumba hiyohiyo unayosomea barua hii, na haukufunguliwa. Tangu hapo nimeandika barua nyingi, zilichanwa. Hizi za kaa ndizo pekee babu alizoniruhusu, kwa sharti: hutaandika mama, hutaandika mwanangu, hutaandika nakukumbuka, neno moja likipotea njia barua inaingia jikoni. Kila neno nililoandika humu kuhusu mafuta ya magoti na kitu cha moto lilikuwa lako.

Nina chumba, kina dirisha. Niko tayari kuja kukuchukua siku yoyote utakayosema. Niandikie tu neno moja, njoo.

Mama yako


Tarehe 9 Septemba

Binti yangu,

Ulinyamaza, nami nikanyamaza, mpaka juzi barua yako ilipofika; sasa nazungumza kwa sababu mimi ndiye mkubwa. Afya ni ileile ya chuma ingawa macho sasa naona nuru na kivuli tu. Hata posta siku hizi anakwenda mtoto. Usinionee huruma, nakula kuliko wewe.

Nakuandikia kukupa shukrani, jambo ambalo hukutarajia kulisikia kwangu. Barua yako ile ya mwezi wa tano imenifurahisha, lakini hii ya juzi ndiyo imenimaliza. Nimemwambia mtoto aisome mara tatu. Hatimaye umekubali mbele yake kwa kalamu yako kwamba yule kaa alikufa kweli na yule wa chini ya jiwe ni mwingine! Na kwamba kituoni kwenu mmekaa kikao mkaona Bingwa hajakosea, na kwamba wakubwa zako wote kwa pamoja hawafiki goti langu. Pale uliposema "sisi tumesoma, lakini yeye amejua", niliinuka nikatembea uani peke yangu. Sokoni nimewatumia salamu. Nasikia mpima samaki amenuna.

Unaona sasa? Ungekuwa na adabu hii tangu zamani, pengine ningefungua mlango. Sasa umechelewa. Mtoto ni wangu. Nimemkunja akiwa mbichi akakauka hivyo. Halii, hanung'uniki, haniulizi tena habari za mama yake wala za nani amekufa, ananipikia, ananishika mkono mpaka chooni, na jioni ananisomea barua zako kwa sauti isiyotetemeka. Nikimwambia cheka anacheka. Nitakufa kichwa kikiwa kwenye mapaja yake, na wewe utabaki na miwani yako.

Endelea kuandika. Nazipenda.

Baba yako


Tarehe 10 Septemba

Kwa Mtaalamu,

Nakusalimu. Mimi ni mzima. Magoti yalipona zamani.

Babu amenipa barua yake niipeleke posta. Nimeifungua nikaisoma kwanza, halafu nimeweka hii ndani. Kwa hiyo unajua kwamba najua, na unajua kwamba barua anayoisifu hukuiandika. Niliiandika mimi, kwenye daftari la hesabu, nikamsomea. Nyingine mbili zinakuja, nimeshazitunga. Katika moja unamwomba picha yake uitundike ukutani kituoni. Atafurahi sana. Halafu nitamsomea ya mwisho, lakini sijaamua ina nini ndani. Siku nitakayoamua, atasikia yote, na hatakuwa na pa kwenda kwa sababu haoni mlango.

Ile yako niliisoma kimya kama ulivyosema. Niliisoma juu ya mwamba. Sikulia, babu hapo hakudanganya.

Ile siku uliyogonga naikumbuka. Nilikuwa chini ya meza na kikombe cha bati. Babu alisema ni muuza sabuni. Uligonga mara chache, ukasikia kimya, ukaondoka. Baadaye muuza sabuni wa kweli alikuja mtaani kwetu. Yule aligonga mpaka babu akatoka kumtukana, na kesho yake akarudi tena, na keshokutwa. Alikuwa anauza sabuni tu.

Mama aliyekufa nilikuwa nampenda. Nilikuwa nazungumza naye nikifua. Alikuwa hawezi kurudi, kwa hiyo sikumkasirikia. Sasa umemuua wewe, siyo babu.

Gando jipya lilikua. Lilikuwa limepinda kidogo, lakini lilikuwa linashika chakula. Ulisema nisilivute. Nililivuta, nione kama ataliachia tena baada ya kupata tabu yote ile ya kuliotesha. Aliliachia. Upesi kuliko la kwanza. Baada ya hapo hakula tena, na juzi nilimkuta amelala kimya karaini. Niliinua jiwe. Chini hapakuwa na kitu.

Umesema niandike neno moja, njoo. Siliandiki.

Ukitaka kuniandikia, andika habari za kaa tu. Hutaandika mama, hutaandika mwanangu, hutaandika nakukumbuka. Neno moja likipotea njia, barua inaingia jikoni.

Ni mimi,
Mjukuu wa Bingwa